Shahidi ni Yule Aliyeona: Maneno Machache juu ya Barua za Mapendekezo kwa Vijana Waombao Kusomea Udaktari Marekani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Mimi si daktari, wala si mwalimu wa chuo kikuu. Ni karani kama wengi wenu, na kazi yangu ya kila siku ni kupokea barua, kuzisoma, kuzitia katika majalada na kuzijibu. Lakini jambo nililotakiwa kulieleza ni jambo la barua, na katika jambo la barua karani naye ana ruhusa ya kusema neno.

Wengi kati yetu tuna watoto, wadogo zetu au wapwa wetu wakaao Marekani, wengine wakiwa wamezaliwa huko, wengine wakiwa wamekwenda kwa ajili ya masomo. Miongoni mwao wako watakao kuwa madaktari. Basi kila mwaka maulizo hufika: "Baba mdogo, nimeambiwa nitafute barua za mapendekezo. Je, humjui mkubwa yeyote wa kuniandikia?" Na sisi, kwa mapenzi tuliyo nayo, twaanza mara moja kutafuta mkubwa: mkuu wa idara, mbunge, askofu, shehe, au daktari mkuu wa hospitali. Nia yetu ni njema kabisa, lakini njia tuishikayo siyo, na anayepata hasara ni yule kijana tumpendaye. Hilo ndilo linalonifanya niseme jioni hii.

Kwanza yafaa tujue kwa nini twapotea. Hapa Tanzania, kijana atakaye kuingia chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya udaktari hupimwa hasa kwa matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Ndivyo ilivyo Muhimbili, chuo kilichoanza mwaka 1963 kikiwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Alama husema, na barua ya sifa haina kazi kubwa. Barua ya sifa sisi twaijua katika mambo mengine: kijana anapotafuta kazi, au anapohama kutoka mahali hata mahali. Na huko tumezoea kwamba nguvu ya barua ni muhuri na cheo cha aliyeitia sahihi. Basi tukisikia Marekani wanataka barua, twadhani ni barua zile zile.

Sivyo. Huko Marekani kijana haingii chuo cha udaktari atokapo sekondari. Husoma kwanza shahada ya kwanza katika chuo kikuu, kwa kawaida miaka 4. Hufanya mtihani wa kuingilia uitwao MCAT. Ndipo huomba kuingia chuo cha udaktari, ambako husoma miaka mingine 4. Vyuo vingi vya huko hupokea maombi kwa njia ya idara moja iitwayo AMCAS, iliyo chini ya jumuiya ya vyuo vya udaktari, AAMC, iliyoanzishwa mwaka 1876. (Vyuo vya serikali vya jimbo la Texas vina idara yao, na vyuo vile vifundishavyo udaktari wa namna ya osteopathia vina yao.) Waombaji ni wengi kuliko nafasi zilizopo, na wengi wao wana alama nzuri. Kwa hiyo wachaguzi, wakiisha kuzisoma alama, hutaka kujua jambo ambalo alama haziwezi kulisema: mtu huyu ni mtu wa namna gani anapofanya kazi, anaposhindwa, na anapokuwa pamoja na wenzake? Jambo hilo hulitafuta katika barua.

Hapa nitaingiza neno moja la tahadhari. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei mwombaji asiye raia au mkazi wa kudumu wa nchi ile, na vingi hutaka mwombaji awe amesoma masomo yake ya sayansi katika chuo cha Marekani au Canada. Viko vinavyopokea wageni, lakini ni vichache. Kijana aliye hapa nyumbani na atakaye kwenda huko na ajue hayo kabla ya kutumia fedha.

Sasa tuje kwenye barua zenyewe. Kila chuo huweka sharti lake, na hapana budi mwombaji asome sharti la kila chuo anachokiomba. Lakini desturi iliyoenea ni kutaka barua mbili kutoka kwa walimu wa sayansi waliomfundisha mwombaji, na moja kutoka kwa mwalimu wa somo lisilo la sayansi. Mwombaji akipenda huweza kuongeza barua ya mtu aliyefanya kazi chini yake katika utafiti, au ya daktari aliyemfuata wodini, au ya msimamizi wa kazi ya kujitolea. AMCAS haipokei zaidi ya barua 10 kwa mwombaji mmoja. Wala hapana sababu ya kuijaza hesabu hiyo. Barua 4 zenye maneno ya kweli zafaa kuliko 10 zenye maneno matupu.

Tena ziko namna tatu za kupeleka barua. Ya kwanza ni barua ya mtu mmoja. Ya pili ni bunda la barua kadhaa lililokusanywa na chuo na kupelekwa pamoja. Ya tatu ni barua ya kamati: vyuo vingi vina kamati ya kuwashauri wanafunzi watakao udaktari, na kamati hiyo humwita mwanafunzi, humhoji, husoma barua za walimu wake, kisha huandika barua moja kwa jina la chuo. Kijana ambaye chuo chake kina kamati, naye akaipita kando, huenda akaulizwa sababu. Kwa hiyo na aulize mapema, tangu mwaka wake wa kwanza, kama kamati iko na yataka nini.

Hayo ndiyo masharti. Sasa nasema lile neno nililokuja kulisema: barua hii ni ushahidi, na shahidi ni yule aliyeona.

Tuseme kuna vijana wawili. Wa kwanza ameandikiwa na mkuu wa hospitali kubwa, rafiki wa baba yake. Barua yasema: "Namfahamu kijana huyu kuwa ni wa jamaa njema, mwaminifu, mwenye bidii, na nina hakika atakuwa daktari hodari." Wa pili ameandikiwa na mwalimu wa kemia, mtu asiye na jina kubwa. Barua yasema: "Kijana huyu alikuwa katika darasa langu la wanafunzi 40. Katika jaribio la kwanza alipata alama ndogo. Siku ya pili alikuja ofisini kwangu na karatasi yake, akaniomba nimwonyeshe alipokosea, akaendelea kuja kila juma. Kabla ya muhula kwisha nilimkuta akimweleza mwenzake jambo lile lile lililokuwa limemshinda yeye mwenyewe, naye alimweleza kwa upole bila kumdharau." Mabwana, mngekuwa ninyi wachaguzi, mngemwita nani kwa mahojiano? Barua ya kwanza yaweza kuandikwa juu ya kijana yeyote duniani. Ya pili yaweza kuandikwa juu ya mmoja tu.

Mkubwa asiyemjua kijana hana la kushuhudia, hata awe na mihuri kumi. Wachaguzi husoma barua nyingi mno. Barua isiyo na tukio hata moja huwaambia kwamba mwombaji hana mtu amjuaye kwa kazi yake. Hali kadhalika barua ya mjomba au shangazi haina uzito, hata kama shangazi mwenyewe ni daktari, kwa sababu damu haiachi kupendelea.

Lakini shahidi hawezi kuona kilichofichwa. Na hapa nataka kusema na ninyi kama wazazi na walezi, maana liko jambo katika malezi yetu linalowazuia watoto wetu huko ugenini. Sisi tumewafundisha adabu: mtoto asimsumbue mkubwa, mbele ya mwalimu anyamaze, asiingie ofisini kwa mtu bila kuitwa, asijisifu. Hiyo ni adabu njema, wala sisemi iachwe. Lakini katika chuo cha Marekani, ambako darasa la sayansi la mwaka wa kwanza laweza kuwa na wanafunzi mamia, profesa hutangaza saa maalumu za kila juma ambazo mlango wake u wazi kwa mwanafunzi yeyote mwenye swali. Kijana wetu hukaa nyuma, hunyamaza, hupata alama nzuri, huondoka. Kwake yeye hiyo ni heshima. Kwa profesa ni jina tu katika orodha. Baada ya miaka miwili kijana amwendea aombe barua, na profesa, bila ubaya wowote, hana la kuandika ila alama, ambazo wachaguzi wanazo tayari.

Basi tuwaambie watoto wetu kwa vinywa vyetu wenyewe, maana wakisikia kwetu wataamini: kwenda kwa profesa saa aliyoitangaza si utovu wa adabu. Mlango ameufungua yeye mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Na tena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Barua nzuri haiundwi juma moja kabla ya maombi, bali huundwa kwa miaka miwili au mitatu ya kujulikana.

Najua wako vijana ambao hawakosi kwa haya tu, bali kwa kazi. Wanasoma mchana na kufanya kazi usiku ili wapeleke nyumbani fedha, na saa za profesa zinawakuta kazini. Kijana kama huyu na amwandikie profesa kwa barua pepe, aeleze hali yake, aombe saa nyingine. Wala asione haya kuieleza kazi hiyo. Kumtunza mgonjwa katika nyumba ya wazee, au kutafsiri maneno kwa wageni wasiojua Kiingereza, ni kazi ambayo msimamizi wake aweza kuishuhudia, na ushahidi huo una uzito katika barua ya ziada, ingawa haukai mahali pa barua za walimu.

Namna ya kuomba nayo ina utaratibu wake. Kwa kawaida fomu za AMCAS hufunguliwa mwezi wa Mei, na maombi huanza kupokelewa mwishoni mwa mwezi huo au mwanzoni mwa Juni, kwa masomo ya mwaka ufuatao. Kwa hiyo mwombaji na amwendee mwandishi wake mapema, miezi miwili kabla au zaidi. Na amwulize waziwazi: "Je, wanifahamu kiasi cha kuweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Swali hilo humpa mwalimu nafasi ya kukataa kwa heshima, naye akisitasita, kijana na ashukuru, aende kwa mwingine. Akikubali, ampe orodha ya kazi na masomo yake, maelezo yake ya kwa nini ataka udaktari, tarehe ya mwisho, na karatasi ya ombi itokayo AMCAS yenye nambari ya barua na nambari ya mwombaji. Bila nambari hizo barua haitafika katika jalada lake. Na sisi makarani twajua barua isiyo na nambari huishia wapi.

Tena ajue kwamba AMCAS haizuii ombi kwa sababu barua hazijafika. Aweza kulipeleka ombi, na barua zikafuata. Lakini vyuo vingi havilihesabu jalada kuwa limekamilika mpaka barua zimefika, kwa hiyo kuchelewa kwa barua ni kuchelewa kwa mwombaji. Na amkumbushe mwandishi kwa upole. Akiisha kuchaguliwa, au asipochaguliwa, amrudie kumpa habari na kumshukuru.

Liko swali la siri. Marekani ina sheria ya mwaka 1974, ijulikanayo kwa jina la FERPA, impayo mwanafunzi haki ya kuziona kumbukumbu za masomo yake. Mwanafunzi akipenda huweza kuiacha haki hiyo kwa barua za mapendekezo, yaani akubali asizisome. Halazimishwi, wala chuo hakiruhusiwi kumshurutisha ili apate nafasi. Lakini waombaji wengi huiacha, na wachaguzi huiamini zaidi barua ambayo mwandishi aliiandika akijua kwamba haitasomwa na aliyeandikwa. Baadhi ya wazazi huogopa: "Je, akiandika mabaya?" Dawa ya hofu hiyo ni kumchagua vizuri mwandishi na kumwuliza lile swali nililolitaja.

Sasa nageuka kwetu sisi tuandikao. Huenda mmoja wenu amekuwa msimamizi wa kijana aliyejitolea likizoni katika zahanati au ofisi, naye akakuomba barua. AAMC imetoa mwongozo kwa waandishi, na kwa kifupi wasema hivi: eleza umemjua mwombaji kwa muda gani na katika kazi gani, sema uliyoyaona kwa macho yako, usieneze maneno juu ya somo lako au ofisi yako, bali juu ya mtu mwenyewe, ukimlinganisha na wengine, sema ni wengine gani, wala usidhani kwamba urefu ndio ubora. Mambo wanayotaka kuyajua ni kama vile kutegemewa, kufanya kazi pamoja na wengine, uadilifu, moyo wa kutumikia, na kuvumilia shida na kujirekebisha. Iandike katika karatasi yenye anwani ya ofisi, utie sahihi na tarehe.

Lakini iko desturi moja kwetu ambayo sina budi kuitaja, ingawa si tamu. Kijana huja kwa mkubwa, na mkubwa, kwa sababu ya shughuli nyingi, humwambia: "Andika mwenyewe, nitatia sahihi." Nasi makarani twaijua desturi hiyo, maana mara nyingi kuipiga chapa huwa ni kazi yetu. Katika maombi haya jambo hilo halifai kabisa. Ile sahihi husema, "mimi niliona," na aliyeona si yeye. Kijana akijulikana kuwa amejiandikia, hapotezi nafasi ya chuo kimoja tu; anaanza safari ya udaktari kwa hati ya uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Ikiwa mkubwa hana nafasi ya kuandika, na kijana amwache.

Na ikiwa ni wewe uliyeombwa, nawe hukuona lolote la kushuhudia, basi kataa. Najua ugumu wake. Huja ndugu yako mwenyewe, amekaa sebuleni kwako, mama yenu yuko, na kukataa ni kama kumnyima mtoto wake maisha. Sema hivi: "Kaka, mimi namjua mtoto nyumbani, lakini sikumwona kazini. Barua yangu itamdhuru. Tumtafute aliyemwona." Kisha umsaidie kweli kumtafuta. Umemnyima karatasi, lakini hukumnyima msaada.

Mabibi na Mabwana, nimebakiwa na neno moja. Tunapoandika barua hizi twadhani msomaji wake ni yule mchaguzi mezani. Lakini yuko mtu mwingine, ambaye hataiona kamwe. Ni mwanamke atakayeletwa usiku na uchungu wa kuzaa, au mtoto mwenye homa asiyeweza kusema kinachomwuma, miaka mingi baadaye, labda Minneapolis, labda hapa hapa kwetu. Atalala mbele ya daktari ambaye wewe au mimi tulisema ni mwaminifu na mwenye huruma. Tukiwa tulisema tuliyoyaona, tumemtendea haki mgonjwa huyo na kijana wetu pia. Tukiwa tulisema tusiyoyaona, atakayelipa ni mgonjwa.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Usiku wa leo au kesho, mwenye mtoto chuoni Marekani na ampigie simu. Asimwulize alama peke yake, bali amwulize: "Mwanangu, ni mwalimu gani huko akujuaye kwa jina?" Akikosa jina la kutaja, mwambieni aanze juma hili hili.